Mtoto wa mbwa akifa, usikimbilie kumzika

Siku ya 8 baada ya jike wangu kuzaa, mtoto mmoja aliacha kunyonya. Alilia bila kunyamaza, tumbo limejaa, mwili wa baridi. Hadi siku ya 11 walikuwa wamekufa 6, na mama yao mzima kabisa, anakula vizuri. Nililaumu maziwa yake, nikalaumu baridi, nikawazika wote. Hapo ndipo nilipokosea.

Uzazi uliofuata, alipokufa wa kwanza nilimfunga kwenye mfuko, nikamweka kwenye friji (si kumgandisha, kwani barafu huharibu viungo ambavyo daktari anataka kuvikagua) na kumpeleka kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Figo zilikuwa na madoa ya damu. Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kirusi, kikaonyesha kirusi cha herpesi ya mbwa.

Mbwa mkubwa akiambukizwa huenda akapata mafua tu, au asionyeshe dalili yoyote. Lakini kirusi hakimtoki tena maishani. Hujificha kwenye neva, kikaamka anapochoka kwa safari, mimba au kuzaa. Tena hustawi mwili ukiwa na joto la chini kidogo kuliko la mbwa mkubwa, na watoto wachanga hawawezi kujipasha joto wenyewe. Baridi niliyoilaumu kweli ilihusika, ila haikuwa peke yake.

Sasa napima damu ya jike na dume kabla ya kupandisha. Majibu yasomeni kwa makini, ndugu zangu. Kingamwili (askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya kirusi) zikionekana, mbwa amewahi kuambukizwa. Hiyo haimaanishi atapoteza watoto, na kingamwili hizo hata huwapa kinga kupitia maziwa ya kwanza. Zisipoonekana, bado huwezi kuapa kuwa ni salama, kwa sababu hupungua kadiri muda unavyopita. Mimi humhofia zaidi jike ambaye hajawahi kukutana na kirusi, kisha akakipata karibu na kuzaa.

Kwa hiyo wiki 3 za mwisho za mimba na wiki 3 baada ya kuzaa, jike wangu hakutani na mbwa mwingine, hata wa banda lile lile. Sehemu ya watoto huwa na joto muda wote. Muulize daktari pia kuhusu chanjo ya jike mwenye mimba, Ulaya ipo.

Herpesi hufa upesi nje ya mwili. Parvo, kirusi kingine kinachoua watoto wa mbwa kwa kuhara, ndiyo sugu, hukaa sakafuni miezi mingi, kwa hiyo kinyesi huoshwa kwanza ndipo dawa ya klorini ipite. Na mnunuzi akiomba kuwaona watoto kabla ya wiki 3, namtumia picha.