Adhiambo, Uliniuliza Kama Ningekurekebisha

Migosi, Kisumu

Mwanangu Adhiambo,

Ile sauti uliyonitumia Jumapili niliisikiliza mara tatu, ya tatu nikiwa nimejitenga nje chini ya mwembe ili mama yako asisikie jina la Ouma. Unasema kijana mnayefanya naye kazi huko Nairobi anashikilia kwamba miaka si mingi ijayo, mzazi atakayekataa kurekebisha jeni za mtoto wake kabla hajazaliwa ataonekana kama anayekataa chanjo leo. Akili zaidi, nguvu zaidi, uzee usogezwe mbele. Kisha ukaniuliza: "Baba, wewe umeshika damu za watu miaka thelathini na mmoja. Kama ungeweza, ungeturekebisha?"

Hukumjua kaka yako Ouma vizuri, ulikuwa na miaka miwili alipotutoka. Macho yake yalikuwa na manjano siku zote, na kila baada ya wiki kadhaa alilia mifupa usiku kucha. Majirani walisema kuna mkono wa mtu. Kwenye zahanati walimtibu malaria kila tulipokwenda, na mimi, mtu wa maabara, nikawaamini. Jioni moja nilimpeleka kazini baada ya wenzangu kuondoka. Nikamtoboa kidole, nikaweka tone kwenye kioo, nikachanganya na ile dawa inayomaliza oksijeni, nikafunika, nikaziba kingo kwa vaselini. Ukishaziba hivyo unangoja. Alikaa kwenye kiti changu cha kuzunguka akijizungusha, akiniuliza kama ndani ya darubini kuna watu. Nilipotazama, chembe ambazo zingekuwa mviringo kama mandazi yaliyobonyezwa katikati zilikuwa zimepinda na kuchongoka ncha, mundu juu ya mundu. Ndiyo maana wenzetu wa Tanzania wanauita ugonjwa huu selimundu. Nikachukua sindano nyingine, nikajitoboa mwenyewe. Za kwangu zilikawia, lakini nazo zilipinda.

Kwa hiyo Ouma ningemrekebisha. Ningeuza shamba la Nyakach na ng'ombe, halafu nikaombe msamaha kwa babu yako kaburini. Na siku hizi inawezekana. Mwaka 2023 Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy. Wanachukua chembe mama za mgonjwa, zile zinazozaa chembe za damu, wanazikata jeni mahali pamoja tu kwa mkasi wa kukatia jeni uitwao krispa, mwili unaanza tena kutengeneza himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, ya aina tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama zetu, ambayo haipindishi chembe. Kabla ya kuzirudisha humdunga dawa kali ya kuua uboho wa zamani. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Huku kwetu kando ya ziwa, ambako ugonjwa huu umejaa kuliko karibu popote nchini, bado tunahangaika kupata vidonge vya haidroksiurea, vile vya kupunguza maumivu yake, mwezi hadi mwezi.

Sasa msikilize huyo kijana wenu akisema "kuondoa kasoro". Mwaka 1949 alikuja huku mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, akapima damu za watu wa makabila mbalimbali. Akakuta alama ya mundu imejaa pwani na kandokando ya ziwa, na nyanda za juu karibu hakuna. Palipokuwa na mbu ndipo palipokuwa na mundu. Alichapisha maelezo yake mwaka 1954: mwenye jeni moja tu ya mundu, kama mimi na wewe, si mbili kama Ouma, ana kinga dhidi ya malaria. Baadaye watafiti wa Kilifi walipima wakakuta kinga hiyo dhidi ya malaria kali inakaribia asilimia 90. Mimi nilizaliwa 1957, hatua chache kutoka ufukweni. Mama yangu alizika watoto wawili kabla hawajajua kutembea, wote kwa homa. Siwezi kuapa kwamba ni mundu ulioniokoa. Ila kama mtu mwenye mkasi na nia njema angefika kwa mama yangu mwaka ule akamwambia tumsafishe mtoto damu, mama angekubali, na sijui ningezikwa upande gani wa boma.

China walishajaribu. Novemba 2018 mwanasayansi He Jiankui alitangaza kwamba amehariri jeni inayoitwa CCR5 kwa mapacha wa kike ili wasiweze kuambukizwa virusi vya ukimwi. Walikuwa hawaumwi chochote. Mahakama ilimfunga miaka mitatu. Sisi watu wa damu tulishangaa kwa sababu nyingine pia: wanaozaliwa bila jeni hiyo kufanya kazi huugua vibaya zaidi wakipata virusi vya West Nile, vilivyogunduliwa hapo Uganda mwaka 1937. Unaziba dirisha moja, unaacha mlango wazi, na aliyelala ndani ya nyumba hukumuuliza.

Lakini usidhani nimegeuka mzee wa kukataa kila kitu. Jicho langu la kushoto lina lenzi ya plastiki tangu nitolewe mtoto wa jicho, na naona paa la Mzee Otieno vizuri kuliko nilivyoliona nikiwa na miaka arobaini. Chanjo ya malaria ilipozinduliwa Homa Bay Septemba 2019 nilifurahi kama mtu aliyelipwa deni. Chanjo haiponyi mgonjwa, mwanangu. Inampa mtoto mzima kitu ambacho mwili wake haukuwa nacho. Kwa hiyo ule mstari ambao watu wa dini huuchora, kwamba kuponya ni halali na kuongeza ni haramu, mimi siuoni umenyooka. Erithropoietini, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, anayodungwa mgonjwa wa figo ni ile ile anayojidunga mkimbiaji huko Iten ili damu iwe nzito na mlima uwe tambarare. Wa kwanza tunamwombea, wa pili tangu 2016 ana sheria inayomsubiri. Na ukiwauliza wakimbiaji kwa siri, wengi hawakwambii kwamba walitamani. Wanakwambia mwenzangu alianza, nikaona nitabaki nyuma.

Hapo ndipo penye uzito wangu, na nitakuonyesha kwa mdomo wa babu yako. Unakumbuka alikuwa hana meno sita ya mbele ya chini? Hayakuoza. Yaling'olewa akiwa kijana, kama ilivyokuwa desturi ya Wajaluo, akahesabiwa mtu mzima. Wazee walitoa na sababu ya kitabibu: taya likikaza, mgonjwa atalishwa uji kupitia pale. Mimi sikung'olewa, shule na kanisa vilikuwa vimeshaingia. Shangazi yake baba aliniita "meno ya punda" mpaka alipofariki. Fikiria hilo. Mdomo niliopewa na Mungu, mzima, haukukosa kitu, ukawa ndio wenye kasoro, kwa sababu tu wengine walikwisha kubadilishwa. Meno yale angalau yaling'olewa kwa bei ya kuku, na mtoto wa maskini aling'olewa sawa na wa tajiri. Sasa weka milioni 2.2 mahali pa kuku. Mtoto wa mabanda ya Nyalenda ambaye hakuguswa ataitwaje na wenzake waliohaririwa?

Na atakayeshika kipimo ni nani? Neno mnalolipenda, transhyumanizimu, yaani kumvusha binadamu mipaka ya mwili wake kwa sayansi, lilisambazwa na Julian Huxley kwa insha yake ya 1957, mwaka wangu. Alikuwa msomi mkubwa, mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO, na aliandika kupinga nadharia za rangi za Wanazi. Bado miaka miwili baadaye akawa rais wa chama cha yujenia cha Uingereza, cha kuboresha kizazi. Hapa kwetu tuliwahi kuionja dawa hiyo. Mwaka 1933 madaktari na walowezi Nairobi walianzisha chama chao cha kuchunguza uboreshaji wa jamii za watu, na daktari aitwaye Vint akapima bongo za Waafrika waliokufa, akachapisha kwamba ubongo wa mwenyeji wa Kenya una upungufu. Upungufu ukilinganishwa na nini? Na bongo za Wazungu. Alikuwa na mizani, na darubini kama yangu, na nambari zenye desimali. Nimefanya kazi ya vipimo maisha yangu yote na nakuhakikishia, nambari haikwambii kitu gani ni kasoro. Anayekwambia ni aliyeandika pembeni ya fomu "kiwango cha kawaida".

Simwiti rafiki yako Vint. Huenda ni kijana mzuri. Mwulize tu swali moja mkinywa chai: mtoto akifika miaka ishirini akasema hakutaka akili ya aina ile mliyomchagulia, mtairudisha wapi? Ouma ningemtibu hata bila ruhusa yake, kwa sababu nilimsikia akilia. Wewe hukulia. Ulikuwa na miguu yenye matege na hesabu zilikushinda hadi darasa la sita, na ningekuwa na mkasi nisingeugusa. Hilo ndilo jibu lako.

Limebaki la huyo mchumba wako wa Kitale. Wewe ni AS, yaani una jeni moja ya mundu, unajua tangu kidato cha pili. Yeye anasema hajawahi kuumwa hivyo yuko sawa. Mimi pia sikuwahi kuumwa. Mwambie aende maabara aombe elektroforesisi ya himoglobini, kipimo kinachotenganisha aina zake, asikubali kile kipimo changu cha vaselini, maana hicho hakitenganishi vizuri.

Utasema, Baba, si huko ndiko kuchagua? Ndiko. Kama wote ni AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumleta Ouma, na mbili kati ya nne za kuleta mtu kama mimi. Sitawaambia msioane. Mama yako nami hatukujua, na kama tungejua tukaogopa, usingekuwepo kunitumia sauti za dakika saba.

Majibu yakitoka usinipigie picha kwa simu. Njooni nayo wote wawili, Jumamosi, mama yako atanunua samaki Dunga. Nitavaa miwani nisome mwenyewe.

Baba yako