Mashine ya boti inachemsha: majibu kwa mnaotumia maji chumvi

Fundi, habari za kazi. Maji yanatoka ubavuni mwa mashine vizuri tu, lakini nikiongeza mwendo kengele ya joto inalia. Nikipunguza, inanyamaza. Impela, lile gurudumu la mpira la pampu ya maji, nimeweka mpya juzi. Tatizo nini?

Maji ya ubavuni yamewaponza wengi. Yale ni tawi tu. Yanakuonyesha kwamba pampu inavuta, ila hayasemi ni maji kiasi gani yanafika kwenye silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda. Mtu akiniletea mashine inayochemsha, swali langu la kwanza ni: inachemsha ikiwa mwendo gani? Yako inachemsha mbioni, basi maji yapo ila hayatoshi.

Anza na ukaguzi usio na gharama. Zima, nyanyua mguu wa mashine, tazama matundu ya kuvutia maji karibu na gia boksi. Mfuko wa plastiki au mwani hunata pale ukiwa mbioni, na ukisimama hudondoka wenyewe, kwa hiyo usipokuta kitu usiseme hakikuwepo. Kisha angalia kimo. Mashine iliyofungwa juu mno kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, au inayonyanyuliwa kupita kiasi njiani, huvuta hewa pamoja na maji.

Kama huko ni sawa, mimi naishuku hiyo pampu uliyoitia impela mpya. Wengi hubadilisha impela peke yake, wakaacha kikombe inamozungukia na bati la chini vilevile. Mchanga huchonga mifereji ya duara kwenye bati hilo. Pitisha ukucha juu yake: ukikwama, bati limekwisha, maana maji yanaponyokea humo. Angalia pia mpira wa kuzibia pale bomba la maji linapokutana na pampu. Ukikaa upande wakati wa kufunga, maji mengi yanamwagika ndani ya mguu bila kufika juu, na ubavuni bado utaona mchirizi wa kukuliwaza.

Mashine nyingine zina vali ya shinikizo yenye springi, inayofunguka mwendo ukikua ili maji mengi zaidi yapite. Chumvi ikiigandisha, dalili zake ni hizohizo zako.

Fundi, yangu ni kinyume cha ya mwenzangu: inachemsha ikinguruma polepole, nikikimbia inapoa.

Washukiwa ni wawili. Wa kwanza ni impela iliyochoka. Mwendo ukiwa mdogo, kazi yote hufanywa na mabawa ya mpira yanayobana ukuta wa kikombe. Yakikakamaa au kubaki yamepinda upande mmoja, maji hayasukumwi. Ukikimbia, kasi ya kuzunguka peke yake inayarusha maji, ndiyo maana inapoa. Ukifungua ukakuta bawa limekatika, usifunge mpaka ukipate kipande chake. Kimepanda na maji, na kitaziba njia huko juu.

Wa pili ni themostati, vali inayofungukia joto ili maji yapite, iliyoganda ikiwa imefungwa. Itoe, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, kisha pasha moto taratibu. Isiguse kitako cha sufuria, itakupa jibu la uongo. Nyingi huwa zimepigwa chapa ya nyuzi zinazofungukia. Za mashine za boti huwa kati ya nyuzi 50 na 70 hivi, chini ya za magari. Ikichelewa sana au ikifunguka nusu, nunua nyingine. Kuisugua na kuirudisha ni kujitafutia safari ya pili.

Kwa nini nisiitoe themostati moja kwa moja? Mwenzangu katoa na anatembea.

Atatembea, ndiyo. Kama ni ya kukufikisha nchi kavu, itoe. Lakini injini inayokaa baridi siku zote haichomi mafuta vizuri: plagi zinachafuka, na kwenye mashine za mipigo minne petroli inateremka kwenye oili na kuipunguza nguvu. Weka mpya.

Mchirizi wa ubavuni umekatika ghafla, ila kengele haijalia. Niendelee?

Hapana, zima kwanza. Chokonoa tundu kwa waya mwembamba, maana mara nyingi ni punje za mchanga au chumvi. Usipofaulu, chomoa mpira wa mchirizi upande wa injini, washa kwa muda mfupi boti ikiwa majini. Maji yakiruka pale kwa nguvu, mpira ndio ulioziba. Yasipotoka, rudi kwenye pampu. Kutegemea kengele peke yake sikushauri. Kitambuzi chake nacho huliwa na chumvi.

Kila nikirudi naisafisha kwa maji ya bomba, lakini ndani fundi kakuta chumvi imejaa. Vipi?

Pengine unaisafisha ikiwa baridi. Themostati ikiwa imefungwa, baadhi ya njia hazipati maji ya kutosha. Ukitumia vikombe vya mpira vya kubana matundu ya mguu na kuyaletea maji ya bomba, fungua maji kwanza ndipo uwashe, iache ingurume polepole mpaka ipate joto, kama dakika 10. Toa propela kwa usalama. Usiiwashe kavu hata kidogo, sekunde chache zinatosha kuunguza impela. Tundu maalumu la kusafishia lina masharti yake, na kwenye mashine nyingi hutumika injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo soma kitabu chake.

Mwambie fundi atazame pia vipande vya zinki vilivyomo ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, kama mashine yako inavyo. Vikiliwa huvimba na kumeguka, kisha vinaziba njia vilivyowekwa kuzilinda. Ukoko wa chokaa unalegezwa na siki nyeupe. Asidi kali usiiguse, inakula alumini.

Ilichemsha hadi ikazima. Sasa inawaka lakini haina nguvu.

Usiende nayo baharini. Toa plagi zote uzipange kwa mfuatano wa silinda. Moja ikiwa imetakata kama iliyooshwa na mvuke huku wenzake weusi, maji yanaingia silinda hiyo: gasketi imeungua au hedi imepinda. Pima mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Ikiwa moja iko chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, hedi lazima ifunguliwe kabla hujanunua kitu kingine chochote.