Barua kwa Mwanangu: Bei ya Siku Moja

Tabata, Dar es Salaam

Mwanangu Rehema,

Marahaba, na mama yako anakusalimu. Jumapili uliniuliza mambo mawili wakati wajomba zako wameshanawa mikono, nami nikacheka tu, kwa sababu hayakuwa maswali ya kujibiwa juu ya sinia la pilau. Ulisema kuna shirika limekuomba uwapigie na kuwahariria video ya dakika kumi kuhusu mradi wao wa maji wa Chanika, ukawatajia shilingi 300,000, nao wakakubali papo hapo bila kuomba punguzo hata la elfu kumi. Ukauliza kama bei hiyo ilikuwa sawa, na kama ifikapo Desemba uache kazi yako ya uhariri pale kituo cha televisheni ili ujitegemee. Nimekaa na maswali hayo siku tatu, nikiwa na kalkuleta ya mama yako ya dukani, na nimeona kwamba kwa kweli ni swali moja. Hujui siku yako moja ya kazi inagharimu kiasi gani, na mtu asiyelijua hilo hawezi kutaja bei wala hawezi kujua ni lini anaweza kuishi bila mshahara.

Tuihesabu kazi ya Chanika kama ulivyonieleza mwenyewe. Kikao cha kwanza na shirika ni nusu siku, na kwenda kutazama eneo kabla ya kupiga ni nusu siku nyingine. Kupiga ni siku mbili. Kuhariri, pamoja na kusikiliza mahojiano yote na kuandika tafsiri ya kupita chini ya picha kwa ajili ya wafadhili wao, umesema ni siku nne, nami nakuamini kwa kuwa una mkono mwepesi. Ongeza siku moja ya masahihisho. Hizo ni siku nane. Katika zile 300,000 utamlipa msaidizi wa sauti 50,000 kwa kila siku ya kupiga, na nauli ya kubeba vyombo kwenda na kurudi haitapungua 40,000. Unabaki na 160,000 kwa siku nane, yaani 20,000 kwa siku, na hapo bado kamera yako haijalipwa chochote kwa kuchakaa kwake.

Sasa twende upande wa pili, ambao ndio vijana wengi wa fani hii hawaufiki. Chukua mwezi wako mmoja. Nimekadiria kodi ya chumba 250,000, chakula na nauli 400,000, umeme na bando la intaneti 100,000, msaada unaotuletea sisi na wadogo zako 100,000, na 150,000 ya bima ya afya na akiba ya uzeeni, ambayo leo mwajiri wako anakuchangia bila wewe kuhisi. Jumla ni 1,000,000. Kamera, lenzi, maiki na kompyuta yako, kwa bei ulizonitajia, ni kama 7,200,000, na vyombo vya namna hiyo ukivipa miaka mitatu kabla ya kulazimika kuvibadilisha utakuwa umevitendea haki. Basi kila mwezi vinakula 200,000 hata vikiwa kabatini. Weka 300,000 ya kodi ya serikali na ya kufidia miezi mikavu. Unahitaji 1,500,000 kwa mwezi.

Utaniambia mwezi una siku ishirini na mbili za kazi, kwa hiyo ni kama 68,000 kwa siku. Sivyo, mwanangu. Siku ambazo mteja anazilipia hazizidi kumi. Nyingine utazitumia kuandika makadirio ambayo hayatajibiwa, kukaa kwenye viti vya mapokezi, kufuatilia hundi, kwenda Kariakoo kutafuta betri, kujifunza toleo jipya la programu na kuugua mafua. Gawanya 1,500,000 kwa kumi, upate 150,000. Hiyo ndiyo bei ya siku yako. Kazi ya Chanika kwa siku nane ni 1,200,000, ukiongeza msaidizi na nauli inafika 1,340,000. Namba hizi ni za kwangu na utazirekebisha kwa zako, lakini sidhani kama zitashuka hata zikaribie 300,000. Wale walikubali haraka, lakini si kwa sababu wanakupenda.

Nikwambie kwa nini jambo hili linaniuma. Nilianza kupiga video za harusi mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya televisheni kuanza huku Bara, nikiwa na kamera ya VHS ya kubeba begani na deki mbili za kuhariria sebuleni, ambazo kila nilipohamisha picha kutoka deki moja kwenda nyingine ilipoteza ukali kidogo. Mwaka 2003 nilikuwa nimeshahamia mikanda midogo ya kidijitali, MiniDV, na nilichukua harusi moja ya Kinondoni iliyokuwa na shughuli tatu: kitchen party, send-off na harusi yenyewe. Tulikubaliana 450,000, nikapewa 100,000 ya kuanzia, na mhasibu wa kamati akaniahidi kwamba iliyobaki ingelipwa shughuli zikiisha. Nikapiga zote tatu, nikahariri usiku kwa majuma mawili, nikapeleka mikanda kwa maharusi kwa sababu bibi harusi alikuwa anasafiri. Jumamosi iliyofuata ikafanyika vunja kamati, yaani karamu ya kamati kujipongeza na kujivunja, michango iliyobaki ikaliwa mbuzi, na nilipokwenda kwa mhasibu akaniambia kwamba kamati haipo tena, nimwone bwana harusi. Bwana harusi akasema pesa zote alizikabidhi kwa kamati. Hakuna aliyesema uongo, na mimi sikuiona ile 350,000 mpaka leo.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni kwamba mwenye ukumbi, mpishi, mpambaji na bendi wote walilipwa siku hiyohiyo, na si kwa sababu walikuwa wakali kuliko mimi. Kila mmoja wao alikuwa na saa yake ya kukataa: mwenye ukumbi angeweza kufunga mlango, mpishi angeweza kuacha sufuria bila moto. Mpiga video saa yake ya kukataa ni wakati wa kukabidhi, nami niliigawa bure. Kwa hiyo pokea nusu kabla hujawasha kamera, na iliyobaki ipokee kabla ya kutoa faili safi. Kwa kuangalia na kusahihisha, wape nakala ndogo yenye jina lako limepita katikati ya picha. Mashirika makubwa yatakwambia utaratibu wao ni kulipa siku thelathini baada ya kupokea kazi. Hapo utaamua mwenyewe, lakini nusu ya mwanzo usiiachie, kwa kuwa ndiyo inayomlipa msaidizi wako, ambaye hana utaratibu wa siku thelathini.

Makubaliano yaandike, hata kama ni ukurasa mmoja. Andika idadi ya siku za kupiga, urefu wa video, tarehe ya kukabidhi, na masahihisho mara mbili ambayo yamo ndani ya bei, ya tatu ikilipiwa kama siku ya kazi. Bila sentensi hiyo, ofisi yenye watu sita itakuletea maoni sita kwa nyakati sita tofauti, na wa mwisho atataka kirudishwe kilichoondolewa na wa kwanza. Waombe wamteue mtu mmoja wa kukuletea maoni yote yakiwa pamoja. Andika pia nani anabaki na picha ghafi na utazihifadhi kwa muda gani. Zamani saa moja ya MiniDV ilikuwa kama gigabaiti 13. Leo ukipiga kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni gigabaiti 45. Picha za Chanika zikifika urefu wa saa nne ni gigabaiti 180, na ukiweka nakala tatu kama inavyotakiwa, moja ikikaa nje ya nyumba unayoishi, ni gigabaiti 540. Diski hiyo ni pesa, na mteja anayerudi baada ya miaka miwili kuulizia picha zake hakumbuki kwamba hakuilipia.

Mambo mengine nayapita haraka. Wimbo wa Bongo Fleva usiutie kwenye video ya shirika bila idhini ya mwenye nao, hata wakikuomba kwa kukusihi. Sheria ya Hakimiliki tuliyonayo ni ya 1999, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, na YouTube inaweza kuutambua wimbo mara tu unapopandisha video. Wakitaka picha za kutoka angani, droni inahitaji kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, basi mkodi mtu mwenye vibali vyake na umweke kwenye bei. Ukipiga ndani ya ofisi zenye taa za mirija, kumbuka umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo fremu 25 kwa sekunde na shata ya moja ya hamsini ya sekunde zitakuepusha na ule mpepeso wa mwanga ambao hauondoki kwenye kuhariri. Najua unalijua hili, lakini nimeliona kwenye video yako ya mahafali, dakika ya pili, nikanyamaza.

Kodi usiikimbie. Namba ya mlipakodi, TIN, unayo. Nenda ukaandikishe jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, kwa sababu mashirika hayapendi kuandika malipo kwa jina la mtu mwenye simu tu. Watakudai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, na watakata asilimia 5 ya malipo yako kama kodi ya zuio, yaani kodi anayoikata mlipaji na kuipeleka serikalini. Kwa 1,340,000 hiyo ni 67,000. Usigombane nao, lakini dai cheti cha zuio na ukiweke kwenye faili, kwa kuwa kiasi hicho kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, na asiyetunza vyeti analipa mara mbili kwa uzembe wake.

Sasa Desemba. Harusi za Dar es Salaam zina majira yake. Wakati wa Ramadhani harusi za Waislamu huwa nadra, na wakati wa Kwaresma harusi nyingi za makanisani husimama. Mwaka huu wa 2026 vipindi hivyo viwili vilianza wiki moja, Februari, na vijana wengi wa kamera walikaa vibarazani mpaka Aprili. Kazi za serikali nazo hurundikana kabla ya mwaka wa fedha kufungwa tarehe 30 Juni, kisha Julai ofisi zinakuwa kimya zikisubiri mafungu mapya. Ukiacha kazi Desemba utaingia Januari, mwezi ambao kila mzazi wa mji huu analipa ada, na kutoka hapo utatumbukia moja kwa moja kwenye miezi hiyo mikavu. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, si Desemba.

Ningependa kwanza uwe na 6,000,000 benki, ambayo kwa ile 1,000,000 ya matumizi yako ni miezi sita ya kuishi bila kuuza kitu, na uwe na wateja wawili waliokwisha kurudi mara ya pili kwa bei yako halisi. Mteja wa mara ya kwanza hakuonyeshi kitu, kwa kuwa pengine amekuja kwa sababu ya urahisi. Ukivipata hivyo kufikia Aprili, toa notisi yako ya siku 28 na uanze Mei, ofisi zikiwa zinahangaika kumaliza bajeti. Hadi siku hiyo, soma mkataba wako wa ajira uone unasemaje juu ya kazi za nje, na kamera ya kituo isipige hata picha moja ya mteja wako. Waliofukuzwa kazi kwa ajili ya memori kadi iliyosahauliwa ndani ya kamera ya ofisi nawajua wawili.

Kuhusu zile 300,000, mama yako anasema urudi ukawaambie ulikosea hesabu. Mimi sikubaliani naye, na tumebishana mpaka chai ikapoa. Ulitaja bei, wakakubali, basi ifanye kazi yote kama ulivyoahidi, pamoja na siku zote nane. Lakini kwenye ankara andika bei kamili ya 1,340,000, chini yake andika punguzo la kazi ya kwanza 1,040,000, kisha kiasi cha kulipwa 300,000, na uwapelekee makadirio yenye mpangilio huo kabla ya kuanza, ili watakapokuita tena, au watakapokutaja kwa shirika jirani, namba itakayotajwa iwe ile ya juu. Kwa punguzo hilo waombe mambo mawili kwa maandishi: ruhusa ya kuionyesha video hiyo kama sampuli ya kazi yako, na barua fupi ya kukutambulisha. Wakisita kutoa hata hayo, utakuwa umewafahamu mapema.

Jumamosi uje na daftari la matumizi yako ya miezi mitatu, tuziondoe namba zangu tuweke zako. Njoo asubuhi, kwa sababu mchana nina mgonjwa wa kumtazama hospitali ya Amana. Na chaja ya betri yako uliisahau juu ya friji. Nimeifunga kwenye mfuko wa rambo nikaiweka chumbani, wadogo zako wasije wakaichezea.

Ni mimi,
Baba yako