Mtaala wa ufundi magari: waiteni wanaoshika spana

Mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi ameniandikia kwamba wanapitia upya mtaala wa ufundi magari. Wamewaalika wenye gereji, na anauliza wawahoji nini. Ndugu yangu, badilisheni kwanza mwaliko.

Mwenye gereji atawaambia anataka vijana wenye nidhamu na wanaojituma. Ni kweli, lakini mtaala hauandikwi kwa hilo. Waiteni mafundi 5 hadi 12 kutoka gereji tofauti, bila mabosi wao, maana bosi akikaa pale fundi hunyamaza. Ndiyo njia ya DACUM (kifupi cha Kiingereza "Developing A Curriculum", yaani kuandaa mtaala), iliyoanzia Canada miaka ya 1960. Siku 2 zinatosha. Walimu wakae nyuma wasikilize.

Kila kazi iandikwe kwenye kadi na kubandikwa ukutani, ianze na kitenzi kinachoonekana kwa macho. "Kuelewa mfumo wa breki" si kazi. "Kubadilisha pedi za breki za mbele" ni kazi. Hapo mwambieni fundi aieleze hatua kwa hatua. Atasema ukisukuma pistoni irudi ndani, mafuta ya breki hupanda kwenye kikopo, na yakimwagika yanakula rangi ya gari. Atasema pia kwamba ukimaliza, ukanyage pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu ndipo ulitoe gari, la sivyo breki ya kwanza haishiki. Hilo liwemo kwenye mtihani wa vitendo, na anayelisahau asifaulu.

Kwa kawaida orodha hufika kazi 75 hadi 125. Wapeni mafundi wengine ambao hawakuwepo waseme ipi hufanywa kila siku na ipi ikikosewa inaua.

Kazi ambazo chuo hakina vifaa vyake, kama kusoma kompyuta ya gari kwa mashine, zipelekwe gereji kwa makubaliano ya maandishi. Kijana aende na orodha, kila kazi isainiwe na fundi aliyemsimamia. Bila hivyo ataosha magari na kutumwa spea mpaka muda uishe.

Kwa kampuni kubwa msiende kinyonge. Tanzania, mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa Julai 2023 kutoka asilimia 4 ya mishahara hadi 3.5. Anawachangia tayari. Gereji ya mtaani haimo humo, na fundi wake hulipwa kwa gari alilotengeneza, kwa hiyo tengeni posho ya siku zake 2 na muitaje kwenye barua ya mwaliko.