Maswali ya Wasomaji: Picha za Safari kwenye Kompyuta ya Nyumbani

SWALI: Bwana mhariri, nimetoka Goma kwa boti nikapitia kisiwa cha Idjwi. Nina picha kama mia nne, nyingine wenzangu wamenitumia kwa WhatsApp. Nataka shajara ya safari kwenye Raspberry Pi 4 yangu, ile kompyuta ndogo, si Facebook, ila picha hazifuatani: za Idjwi zinatangulia za Goma. Nifanyeje?
Msomaji, Nguba, Bukavu

JIBU: Ndugu msomaji, mwizi wa tarehe ni WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na saa na mahali vilivyoandikwa ndani ya faili hufutwa. Jina kama IMG-20250714-WA0012 lisikudanganye. Hiyo si lazima iwe siku picha ilipopigwa. Waombe wenzako wazitume upya kama dokumenti. Za kwako zitoe kwa kebo. Picha iliyokosa saa kabisa, iandikie kwa exiftool, programu ya kusoma na kuandika taarifa zilizo ndani ya picha:

exiftool "-AllDates=2025:07:14 09:30:00" picha.jpg

Kisha ziweke zote kwenye folda iitwayo asili, uzipe majina ya saa, zijipange zenyewe:

exiftool "-FileName<DateTimeOriginal" -d "%Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e" asili/

Picha hizo za asili usizibadilishe tena. Ingia ndani ya folda hiyo, unda folda mpya iitwayo ndogo, utengeneze nakala za kuonyesha kwa mogrify, programu ya kupunguza picha:

mogrify -path ndogo -auto-orient -strip -resize "1600x1600>" -quality 80 *.jpg

Picha ya megabaiti 4 hubaki kilobaiti mia chache. Anayefungua kwa mega za kununua atakushukuru. Ukisahau -auto-orient, picha uliyopiga simu ikiwa wima italala ubavu, kwa sababu -strip hufuta alama ya mwelekeo. Hiyo hiyo -strip huondoa GPS, yaani mahali picha ilipopigwa, na ni vizuri: nani ajue mlango wako uko wapi?

Kurasa za shajara zitengeneze kwa Hugo, programu ya kuunda tovuti, zitolewe kwa wasomaji na nginx, programu ya seva. Raspberry Pi 4 inataka volti 5, ampea 3. Umeme ukikatika inapoandika, kadi yake ya SD huweza kuharibika, kwa hiyo weka picha kwenye SSD ya USB, diski ya nje. Pawabenki inasaidia, lakini nyingi hukata kidogo zinapobadilisha chanzo, na mashine inazima palepale. Jaribu kwanza kwa kuchomoa waya unaochaji pawabenki.

Ndugu walio mbali, tuseme Lubumbashi, huenda wasiifikie shajara iliyo nyumbani kwako: mitandao ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kodi seva ndogo kwenye intaneti, upeleke kurasa tu kwa rsync --partial, amri ya kunakili faili ambayo haianzi faili upya laini ikikatika.

SWALI: iPhone yangu inatoa picha za aina ya HEIC badala ya JPG, kompyuta haifungui.
Msomaji, Kadutu

JIBU: Réglages, Appareil photo, Formats, chagua Le plus compatible. Za zamani zitabaki HEIC. Zigeuze kwa programu ya heif-convert.