Barua za Wasomaji: Msimu Uko Nje ya Mlango wa Darasa

Mvua za masika zimeshika huku Tanga, na barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja: watoto wa darasa la awali wafanye nini na mvua, matunda, upepo na sikukuu zinazopita mbele yao mwaka mzima? Nimefundisha awali Muheza na Pangani, na msimamo wangu wasomaji wa siku nyingi wanaujua. Mtoto wa miaka mitano anaelewa kile alichokishika. Sherehe ya darasani nayo ina maana pale inapokuja baada ya kazi aliyoifanya mwenyewe. Tuzisome barua.

Shangazi Mwalimu, shikamoo. Nafundisha darasa la awali katika shule moja ya msingi wilayani Kilosa. Nina watoto 74 na niko peke yangu. Mwalimu mkuu anataka tufundishe kwa vitendo kufuatana na msimu, lakini fungu la zana halipo. Nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye mvua yenyewe.

Tafuta chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyotupwa. Ikate karibu na mabega, kipande cha juu ukigeuze kiingie ndani, mdomo ukielekea chini, maji yapitie hapo. Kitako cha chupa hizi kina mabonde, kwa hiyo weka kokoto chache, mimina maji yazifunike, chora mstari wa wino. Kuanzia kwenye mstari huo ndipo unapopima. Iweke uwanjani, mbali na mti na mbali na upenu wa bati, uibane kwa mawe isianguke.

Kila asubuhi mtoto mmoja apime maji yaliyozidi mstari kwa utepe wa ganda kavu la mgomba. Aukate utepe ulingane na kina cha maji, kisha mubandike ukutani chini ya siku yake. Siku isiyo na mvua, nafasi ibaki tupu. Baada ya wiki mbili ukuta wako unakuwa na picha ya masika iliyopimwa na watoto wenyewe. Hapo uliza: siku gani mvua ilikuwa nyingi kuliko zote? Siku ngapi hakukunyesha? Jumatatu na Jumanne, ipi imezidi? Ndefu, fupi, sawa, hakuna: hiyo ni hisabati ya awali, na hakuna aliyekaririshwa. Mkishapima, yamwageni maji yaliyozidi mstari kila siku, na yale ya kwenye kokoto myabadilishe. Maji yakituama, wakati wa joto yai la mbu huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi au zaidi kidogo, na watoto wanapaswa kuijua hiyo sababu, wala isiishie kuwa amri ya mwalimu.

La pili ni mchicha. Walimu wengi hukimbilia mahindi kwa sababu mbegu zake ni kubwa na zinashikika vizuri, lakini mtoto wa awali ni vigumu kusubiri miezi mitatu, na likizo ya Juni inawakuta mahindi bado hayajawa kitu. Mchicha huchipua ndani ya siku tatu hadi tano, na kufikia wiki ya nne mnachuma. Mbegu zake ni ndogo mno, zinateleza vidoleni na kumwagika lundo moja, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuwapa watoto wamwage. Wakati wa masika inua tuta, vinginevyo maji yatasimama na miche itaoza. Tumia samadi iliyooza sawasawa. Kama eneo ni dogo, viroba vya unga na ndoo zilizotoboka zinatosha.

Sasa hao 74. Usiwatoe wote kwa pamoja. Wagawe makundi saba au manane, kila kundi na tuta lake na jina walilolichagua wao. Kundi moja liwe nje, mengine yabaki kwenye kona za kujifunzia na vizibo, magunzi na mchanga. Omba mzazi mmoja au bibi mmoja kwa zamu akae na walio ndani. Ukimwita kwa heshima na kumweleza saa, atakuja. Bibi wa Kilosa anajua kupanda mboga kuliko mimi na wewe, mpe nafasi ya kufundisha.

Siku ya kuchuma ndiyo sherehe yako. Mchicha uoshwe na watoto, ukatwe na watu wazima, upikwe palepale shuleni kwa kitunguu na nazi au karanga, uliwe na ugali. Waalike wazazi. Badala ya ngonjera ya kukariri, kila kundi lisimame lieleze: tulianza na hiki, kikafuata hiki, kuku akaingia akaparua, tukaweka miiba. Mtoto anayeweza kupanga matukio kwa mfuatano na kuyasema mbele ya watu amepiga hatua kubwa kuelekea kusoma.

Tahadhari moja, na hii naisema kwa mkazo. Mnapookota mbegu za kuhesabia, kagua kila moja. Turituri, zile nyekundu zenye doa jeusi ambazo watoto huzipenda sana, ni sumu. Mbegu za mbarika, wengine mnaiita nyonyo, ni sumu pia. Zisiingie darasani kabisa. Maharage nayo hayafai kuachiwa watoto wa miaka mitatu bila kuangaliwa, maana huyaingiza puani, na haragwe likipata unyevu linavimba humohumo.

Nalipa ada kila muhula kwenye shule ya watoto wadogo Mbagala. Mwanangu anarudi na tope hadi kwenye soksi, daftari halina kitu. Nikimuuliza mwalimu anasema "wanajifunza". Je, naibiwa? (Mama wa mtoto wa kwanza)

Mama, huibiwi kwa sababu ya tope. Kidole kinachofinyanga udongo, kinachopura maharage na kinachokamua kitambaa chenye maji kinapata nguvu ya kushika kalamu. Mtoto akilazimishwa kuandika herufi kabla ya hapo, anaishika kalamu kwa ngumi, anachoka, anachukia daftari. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliweka elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja kwa watoto wa miaka 3 hadi 5, na ngazi hii inafundishwa kwa michezo na vitendo. Mwalimu wako hajabuni.

Akirudi leo, usimuulize ameandika nini. Muulize wameshika nini, kilikuwa laini au kigumu, nani alikuwa naye, walianza na nini. Utayasikia mengi ambayo daftari lisingekuambia.

Lakini kuna mahali una haki kamili ya kudai. Dai nguo chakavu ya kazi inayobaki shuleni, ili sare ipone. Dai sabuni na maji ya kutiririka kabla ya kula. Dai watoto wavae ndala au viatu wakiwa kwenye udongo, kwa sababu minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya mguu mtupu. Na uliza udongo wanaochezea unatoka wapi. Pale mbwa na paka wanapojisaidia si pahali pa kufinyangia. Mwalimu asiyeweza kujibu hayo manne, rudi kwake tena kesho.

Shikamoo Shangazi. Shule yetu ya Dar es Salaam imebandika picha za misimu minne: theluji, maua, jua, majani yanayopukutika. Mwenye shule amezinunua na anazipenda. Watoto wanazikariri vizuri lakini mimi roho inanisuta. Nifanyeje?

Marahaba. Roho yako inasema kweli. Mtoto wa Dar es Salaam anayejua kutaja msimu wa theluji lakini hajui kwa nini maembe yamejaa Desemba na hayapo Mei, amefundishwa kutotazama mbele ya macho yake.

Usigombane na mwenye shule, na picha zake usizibandue. Tengeneza ya kwenu kando. Chukua kanga au shuka la zamani, chora duara kubwa, ligawe sehemu nne: masika, kipupwe, vuli, kiangazi. Usichore kitu ndani. Watoto walete vitu halisi wavishonee au wavibandike. Masika: ganda tupu la konokono, utepe wa mvua kama nilivyomweleza mwenzako wa Kilosa. Kipupwe: maganda makavu ya machungwa, maana machungwa ya Muheza huwa yanashuka Dar kwa malori miezi hiyo, na tiara waliyoitengeneza wenyewe kwa gazeti na njiti za makuti, kwa kuwa upepo wa kusi unavuma. Vuli: mabawa ya kumbikumbi, wanaotoka mvua zikianza. Kiangazi: kokwa la embe lililosuguliwa na kuanikwa. Mwaka ukizunguka duara linajaa, na mtoto anaona kwamba mvua iliyoondoka itarudi.

Nasema haya kwa wa pwani na kaskazini mashariki. Walimu wa Dodoma, Tabora, Iringa na Songea msituige sisi. Kwenu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, basi duara lenu lifuate hivyo. Watoto wa Moshi wana bahati ya pekee: mawingu yakiondoka, barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, wanaiona wakiwa uwanjani, na theluji kwao si habari ya kwenye karatasi.

Na theluji yenyewe msiikimbie. Leta barafu ya kwenye friji, waishike, wahesabu pamoja mpaka iyeyuke, moja juani na nyingine kivulini. Dar es Salaam haikosi mtoto mwenye shangazi au mjomba Canada. Aombwe atume video ya uani kwake mwezi wa Januari, kisha watoto wamrudishie video ya jua la kwenu. Hapo ile picha ya ukutani inapata mtu ndani yake.

Mtoto wangu anamaliza chekechea Novemba. Shule inadai 85,000 za joho, keki, ukumbi na mpiga picha. Sina. Mke wangu anasema mtoto ataona aibu. (Baba, Mwanza)

Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara mbili na imeniuma. Mtoto wa miaka sita hajui joho ni nini. Anachojua ni kwamba baba na mama wamekuja au hawakuja, na kwamba mwenzake amesimama jukwaani yeye ameachwa chini. Shule inayomwacha mtoto chini kwa sababu ya fedha za keki imemuumiza pale ilipotakiwa kumlinda.

Usiende peke yako. Tafuta wazazi wanne au watano, wapo, nao wanaona haya kusema kama wewe. Nendeni kwa mwalimu mkuu mapema mkiwa na pendekezo mkononi: siku ya maonyesho darasani, asubuhi, bila ukumbi. Kila mtoto achague vitu vitatu alivyovifanya mwaka huu awaonyeshe wazazi wake mwenyewe. Kikapu alichosuka, mche aliouotesha, hadithi aliyoisimulia mwalimu akaiandika. Kila nyumba ilete tunda. Wale wanaotaka joho wavalishe watoto wao nyumbani wakapige picha, hakuna anayewazuia.

Mke wako mwambie hivi kutoka kwangu: aibu ya mtoto hutoka usoni kwa mzazi. Mkienda mmechangamka, naye atachangamka.

Darasani nina Waislamu na Wakristo. Idd na Krismasi nizisherehekee vipi bila kumkwaza mtu? (Mwalimu, Korogwe)

Krismasi inawakuta likizoni, kwa hiyo hiyo ni ya nyumbani zaidi. Idd ndiyo inayoangukia ndani ya muhula miaka mingi. Hufuata mwezi mwandamo, hivyo kila mwaka inarudi nyuma kwa siku kama 11, na ndiyo maana haina msimu. Watoto wanaweza kuutazama mwezi nyumbani na kuuchora kila siku hadi uwe duara, kisha upungue.

Waambie wazazi kabla. Mtoto asishirikishwe katika ibada isiyo ya kwao, lakini kusikiliza mwenzake akisimulia walivyovaa na walivyokula hakumkwazi mtu. Maandazi yakandwe pamoja darasani, yakaangwe na watu wazima mbali na watoto.

Mwanangu, mimi ni mtu mzima wa Wete. Mjukuu wangu wa miaka mitano msimu wa karafuu hukaa nami kwenye jamvi tukichambua. Mwalimu wake ananiambia namrudisha nyuma. Ni kweli?

Shikamoo Bibi yangu. Si kweli, na ningefurahi mwalimu huyo aje akae kwenye jamvi lenu asubuhi moja. Kutenga karafuu na makonyo, vile vikonyo vyake, ni kuainisha, tena kwa kitu kidogo kinachotaka jicho na vidole. Kujua kwamba zilizoanikwa leo zina rangi moja na za juzi zimegeuka ni kutazama mabadiliko. Wingu likitanda anakimbia kuanua bila kuambiwa: huyo anaielewa sababu na matokeo.

Ninachokuomba ni viwili. Asipande juu ya mkarafuu, na asikose shule kwa ajili ya kazi. Iwe baada ya masomo au siku ya mapumziko. Ukiwa na kibaba cha zamani na pishi, mpe apime mwenyewe karafuu kavu, ahesabu vibaba vinne vinavyojaza pishi moja. Kisha mfungie konzi moja ya karafuu na makonyo kidogo kwenye karatasi aende nazo darasani, awafundishe wenzake kuzitenga.