Barua kwa mwanangu aliyechaguliwa mzee wa kanisa

Old Moshi, Jumatatu jioni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako niliipokea Ijumaa kwa mkono wa binamu yako, nikaisoma mara mbili kabla ya kuzima taa. Nimefurahi kwamba umekubali kuwa mzee wa kanisa, na nimefurahi zaidi kwamba kilichokukosesha usingizi si cheo bali swali. Unasema baraza la wazee la usharika wenu hapo Arusha limegawanyika. Wako wanaotaka Jumapili ya tatu ya kila mwezi ibada ya pili iondolewe, washarika wagawanyike makundi, waende hospitali, gerezani na kwa wazee wasioweza kutoka ndani. Wako wanaosema Jumapili ni ya ibada, huduma ina siku zake, na fedha iliyopo inunue kwanza vipaza sauti kwa sababu walioketi nyuma hawasikii mahubiri. Kikao kijacho utatakiwa kusema neno, nawe unaniuliza kati ya ibada na huduma kipi kitangulie. Halafu mwishoni kabisa, kana kwamba ni jambo la pembeni, umetaja kwamba yule mama mliyezoea kuketi naye benchi moja hujamwona tangu Pasaka.

Jibu langu ni hili: msiiondoe ibada ya Jumapili, wala msikubali iendelee kama ilivyo. Hilo la pili ndilo nitakalolieleza kwa kirefu, maana ndilo mabaraza hupenda kuliruka.

Ulikuwa darasa la tano nilipokabidhiwa jumuiya ya mtaa wetu wa juu, nyumba kumi na nne. Usharika ulikuwa unaezeka kanisa jipya na sote tulikuwa mbioni. Kila msharika alikuwa na bahasha yake yenye namba, na Jumapili moja baada ya ibada karani akaniita kando, akanieleza kwamba bahasha ya bibi mmoja wa jumuiya yangu haijaonekana kwa Jumapili sita, nikamkumbushe ahadi yake ya bati. Nikaenda Jumanne, daftari la ahadi likiwa ndani ya kikapu. Mlango niliukuta umefungwa kwa kamba kutoka nje. Nilipofungua nikamkuta bibi kitandani. Alikuwa ameteleza akikata majani ya ng'ombe, akaumia nyonga, na mtoto wa jirani ndiye aliyekuwa akimletea uji alfajiri kabla ya kwenda shule, kisha anafunga mlango kwa kamba ili mbuzi wasiingie. Aliponiona, neno la kwanza aliloniuliza ni kama tumemaliza kuezeka. Halafu akaniambia kwamba kengele anaisikia kila Jumapili, na ikilia mara ya pili huanza kuimba peke yake, akaendelea hadi anapokisia kwamba sasa tumefika kwenye mahubiri, ndipo hunyamaza ili naye asikilize.

Kutoka kanisani hadi kitanda kile hapafiki mwendo wa robo saa. Jumapili sita tulikuwa tumesimama na kuomba kwa ajili ya wagonjwa na wote wenye shida, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba tunamwombea yeye. Daftari sikulitoa kikapuni.

Angalia vizuri kosa letu lilikuwa wapi. Kamati ya diakonia, yaani ya huduma kwa wahitaji, tulikuwa nayo, na fungu lake lilikuwapo. Ibada zetu zilijaa, kwaya ziliimba vizuri, mahubiri hayakuwa na kasoro. Lakini ibada ilikuwa na daftari lake na huduma ilikuwa na lake, na madaftari hayo mawili hayakuwahi kufunguliwa juu ya meza moja. Ndiyo maana siamini kwamba Jumapili moja ya makundi itawatibu. Mtakwenda hospitali mkiwa na sabuni na sukari, mtaimba wodini, mtarudi mmefurahi, na aliyeketi benchi la nyuma yenu ataendelea kukosekana bila mtu kujua. Walioko hospitali na gerezani msiwaache, ila siku za kuwatembelea mtazipata bila kugusa saa ya ibada.

Wale ndugu wa upande wa pili watakusomea Matendo ya Mitume sura ya sita, pale Mitume walipokataa kuliacha neno la Mungu ili wahudumu mezani. Waombe waendelee kusoma. Manung'uniko yalikuwa kwamba wajane wa upande mmoja wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, na Mitume hawakusema jambo hilo lisubiri. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye kushuhudiwa wema, waliojaa Roho na hekima, wakawaombea na kuwawekea mikono. Kukabidhiwa meza ya wajane kulifanyika kwa ibada! Tena katika hao saba, Stefano unamkuta sura ya saba akihubiri mpaka kuuawa, na Filipo sura ya nane akiipeleka Injili Samaria. Kugawana kazi hakukuwa kupanga nani ni mkubwa.

Wengine watakushikia Luka, huyu akikusomea Msamaria mwema na yule akikusomea Martha na Mariamu. Wasomee zote mbili kwa mpigo, kwa kuwa ziko sura moja, ya kumi, na moja inaifuata nyingine bila kitu katikati. Katika ya kwanza, watu wa hekalu wanampita majeruhi njiani. Katika ya pili, anayehangaika na utumishi anaambiwa kwamba ndugu yake aliyeketi kusikiliza amechagua fungu lililo jema. Mwandishi aliyeziweka jirani namna hiyo hakutaka tuchukue moja na kuiacha nyingine. Hata hospitali yetu ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko chini ya shirika lililopewa jina la huyo Msamaria Mwema, na haikuanzishwa na watu waliochoka kwenda kanisani.

Liko jambo moja zaidi ambalo ningependa ulifikishe kikaoni, maana limenisaidia kuliko mengine. Karne ya pili, pale Roma, Yustino Mfiadini alimwandikia Kaisari akimweleza Wakristo wanafanya nini siku ya Jumapili. Wanakusanyika, maandiko yanasomwa, kiongozi anahubiri, wote wanasimama na kuomba, mkate na divai vinashukuriwa na kugawanywa; na wale wasiokuwapo wanapelekewa na mashemasi. Kisha wenye uwezo wanatoa kadiri wapendavyo, kinachopatikana kinawekwa kwa kiongozi, naye anawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Yote hayo anayaeleza kama kusanyiko moja. Asiyekuwapo alikuwa amehesabiwa ndani ya ibada kabla watu hawajatawanyika. Kwenu Chakula cha Bwana atakipeleka mchungaji, lakini mzee wa kanisa ndiye anayejua njia ya kwenda kwa mgonjwa ni ipi na mbwa amefungwa wapi.

Kwa hiyo ningekuwa mimi, ningeomba mambo machache tu. Kila jumuiya ilete kwa mchungaji majina kabla ya ibada: nani anaumwa, nani amefiwa, nani hajaonekana. Maombi yatamke majina hayo, ila kwa ruhusa ya mwenyewe, kwa sababu ugonjwa wa mtu ni siri yake na wako waliokimbia kanisa baada ya kutangazwa. Baada ya baraka ya mwisho, watu wawili wawili waondoke kwenda kwa waliotajwa, siku ileile, bila kamera. Hapo hamtahitaji kuiondoa ibada ya pili, kwa sababu huduma itakuwa imetoka ndani yake.

Vipaza sauti mnunue. Mzee aliyekuja kwa miguu na asisikie neno ni mhitaji pia, na si haki kumfanya achague kati ya masikio yake na chakula cha mjane. Ninachokusihi ni kwamba fungu la diakonia lisikopwe kwa ajili hiyo hata kwa wiki mbili, kwa kuwa nimeona fedha ya wahitaji ikikopwa kwa nia njema na kurudi nusu, au isirudi kabisa. Vipaza sauti viwe na mchango wake. Na kama mnada wenu baada ya ibada ni kama wetu, ambapo mkungu wa ndizi unanunuliwa, mnunuzi anaurudisha, unauzwa tena, na mwisho mtu anasema upelekwe kwa fulani asiyejiweza, basi mnayo tayari mahali ambapo sadaka na jirani hukutana mbele ya macho ya watu wote. Uheshimuni mnada huo, msiuharakishe kwa sababu jua limekuwa kali.

Nisipokuambia na upande wa pili nitakuwa nimekudanganya. Baada ya yule bibi nilijitupa katika huduma mpaka nikapitiliza. Mwaka mzima nilikuwa jikoni kila Jumapili nikipikia watoto yatima huku ibada ikiendelea ng'ambo ya ukuta, nikijiambia kwamba hii ndiyo ibada yangu. Siku moja mtoto alimwaga uji nikamfokea hadi kikombe kikamtetemeka mkononi. Sikuwa na njaa wala sikuwa nimechoka zaidi ya siku nyingine, nilikuwa nimekauka. Mama mchungaji akanivua aproni, akanipeleka kanisani akaniketisha, na tangu siku hiyo jikoni tukawekeana zamu. Wewe nawe, usikubali kuwa mzee wa kanisa ambaye kila mara ibada ikianza yuko nje akipanga viti au akihesabu bahasha.

Wa zamani hapa kwetu wanamkumbuka mmisionari Bruno Gutmann, aliyetumika Old Moshi hadi mwaka 1938, kwamba alitaka usharika usimame juu ya ukoo, ujirani na rika. Huko mjini ukoo mmeuacha migombani na rika mmeachana nalo shuleni, lakini jirani hamkumwacha, ila hamjafahamiana. Sisi huku shida yetu ni nyingine: Desemba kanisa linafurika wageni kutoka Dar es Salaam na sadaka inakuwa kubwa, Januari wanabaki wazee peke yao na barabara yenye matope. Nitakueleza ukija Krismasi namna tunavyojaribu.

Kuhusu yule mama ambaye hujamwona tangu Pasaka, usingoje kikao. Nenda kesho jioni ukitoka kazini, hata kama hujui nyumba yake. Uliza dukani, wanamjua. Mchukulie sukari na majani ya chai, na usimwulize kwa nini haji kanisani. Kaa naye kwanza. Kisha uniandikie umemkutaje.

Baba yako anakusalimu. Bwana awe nawe.

Mama yako